Seli za Ini Zisiposhika, Chunguza Sahani Kwanza

Hepatosaiti, yaani seli kuu za ini, zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini hazipendi plastiki tupu ya sahani za maabara. HepG2, seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabara, hushika karibu popote, na hizo ndizo huwapotosha wengi: mtu aliyezizoea hupanda hepatosaiti kwenye sahani ileile, kesho yake anazikuta zinaelea, lawama zote kwa aliyemuuzia.

Paka sahani kolajeni (protini ya kushikilia seli) aina ya 1 ya mkia wa panya. Izimue kwa asidi asetiki ya 0.02 M hadi ifikie maikrogramu 50 kwa mililita. Kisima cha sahani ya visima 6 kina sentimita za mraba 9.5 hivi, kwa hiyo mililita 1 itaacha maikrogramu 5 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na hizo zinatosha. Iache saa nzima kwenye joto la chumba, inyonye kwa pipeti, kisha osha mara tatu kwa bafa ya fosfeti. Hapo pa kuosha usiwe na haraka, maana asidi iliyobaki huua seli.

Panda seli hai 100,000 hadi 150,000 kwa sentimita ya mraba. Sukuma sahani mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Ukiizungusha, seli hurundikana katikati. Baada ya saa 4 hadi 6, ondoa zilizokufa na ubadilishe midia, yaani kimiminika cha kulishia seli.

Kushika si kupona, lakini. Siku ya kwanza hadubini huonyesha seli zenye pembe nyingi, zimebanana kama vigae, mipaka inang'aa. Kufikia siku ya tatu au ya nne zimetandazika kama donge la chapati lililosukumwa, na vimeng'enya vya CYP, vile vya kuvunjavunja dawa, vimeporomoka. Ini lenye afya ni laini, kilopaskali chache tu. Utando mwembamba wa kolajeni hauondoi ugumu wa plastiki iliyo chini yake, na seli huuhisi. Kama unapima dawa, usitegemee sahani hiyo baada ya siku mbili.

Ili zidumu zaidi, zifunike seli kwa tabaka la pili. Sawazisha kolajeni ya miligramu 1 kwa mililita hadi pH 7.4 juu ya barafu, imwage taratibu juu ya seli zilizokwisha kushika, iache igande kwa nyuzi 37 kwa dakika 45 hadi 60, ndipo uongeze midia. Ukiifanya nje ya barafu itagandia ndani ya pipeti. Siku chache baadaye utaona vijifereji vya nyongo kati ya seli na seli.

Halafu kuna mwinuko wa Nairobi. Hapa kaboni dioksidi ya 5% kwenye inkubeta ina shinikizo la kama 4% kule Mombasa, usawa wa bahari, hivyo midia huegemea upande wa besi na kugeuka waridi. Weka 6%. Oksijeni nayo ni pungufu, na seli za ini huitumia kwa wingi: usizidishe mililita 2 za midia kwenye kisima hicho.