Neno nililoliruka

Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, tangu sijazaliwa. Darasani hakuwahi kukaa. Mwaka niliomaliza kidato cha nne alitaka mkopo wa laki tano aagize magunia kutoka visiwani. Jioni akanipa karatasi: "Hebu nisomee, wewe si umesoma?" Nikaipitia nimesimama mlangoni, maana mpira ulikuwa umeshaanza kwa jirani. Riba asilimia tano, Mama, si mbaya. Kesho yake akaenda kuweka dole gumba.

Neno nililoliruka ni "kwa wiki".

Piga hesabu. Asilimia tano ya laki tano ni 25,000. Ingekuwa kwa mwezi, miezi mitatu ni 75,000. Kwa wiki, wiki 12 ni 300,000. Na dagaa nao wana kalenda yao: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inalala ufukweni. Siku ya rejesho hailali. Mikopo hiyo mtaani tunaiita kausha damu, na sisi ilitukausha. Ilianza kwenda friji, ikafuata kabati.

Kwa hiyo mtu akiniambia shule haina faida kwa kuwa kijana fulani ana digrii na anaendesha bodaboda, sibishani naye sana. Kwenye ajira ana hoja. Mimi namuuliza: karatasi ikiingia nyumbani kwenu, nani anaisoma mpaka mwisho?

Kanda hii kusoma kwa ajili ya maisha ya kila siku si jambo geni. Kati ya 1968 na 1973 mikoa ya ziwa ilikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, makao yake hapahapa Mwanza. Watu wazima walisoma herufi kupitia pamba, migomba na uvuvi, yaani kupitia kazi zao wenyewe. Mimi riba niliikariri kwa fomula, nikapata alama nzuri, nikafeli mlangoni kwetu.

Kwa hiyo karatasi yoyote ya fedha, omba uende nayo nyumbani. Mkopeshaji akikataa, ameshakujibu. Isomeni wawili, kwa sauti, mzidishe mpaka rejesho la mwisho. Mtoto wa darasa la tano mpe daftari la biashara aandike mauzo ya siku; atakosea, mwache akosee kwa shilingi mia mbili sasa. Na kama uliishia njiani, mtihani wa QT upo, ule wa kukupa sifa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Binti aliyeacha shule kwa mimba, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi. Mzazi, usimfiche jikoni.

Mama mwenyewe nilimwanzishia tarakimu, herufi baadaye, kwa sababu tarakimu ndizo zilizokuwa zikimuuma. Ilituchukua karibu mwaka, maana ikifika saa tatu usiku anasinzia na penseli mkononi. Siku hizi ana daftari la mistari linalonuka dagaa, mchanga umejaa katikati ya kurasa, na mnunuzi akipima anamwambia ageuze mizani imtazame yeye.

Juzi alikuwa na wateja wengi, nikamsaidia kujumlisha. Akavuta daftari, akapitisha kidole polepole toka juu mpaka chini, kikasimama.

"Na hela ya mkokoteni umeiweka wapi, msomi?"