Kushusha dashibodi: niliyojifunza baada ya kuharibu kwanza

Kwa miezi kadhaa AC ya Corolla yangu ilikuwa ikijazwa gesi na kuishiwa baada ya wiki mbili, mpaka fundi mmoja alipoiwekea rangi ya kutafutia mvujo na tukaiona rangi hiyo ya kijani ikidondoka pamoja na maji chini ya gari, upande wa abiria. Maana yake ilikuwa kwamba evapureta, ile rejeta ndogo inayojificha nyuma ya dashibodi, ilikuwa imetoboka, na kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari sikuwa na nafasi ya kuahirisha kazi.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba dashibodi inalazimika kushuka, kwa sababu katika baadhi ya magari evapureta hutolewa kwa kufungua droo ya abiria peke yake. Langu halikuwa hivyo. Wapo wanaojitolea kukata plastiki ili wafike haraka. Mimi nilikataa, kwani nyuma ya plastiki hiyo kuna nyaya na mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofumuka gari likigonga, na msumeno hauchagui. Gesi nayo ivutwe kwa mashine kabla ya bomba lolote kulegezwa, kwa kuwa gesi hiyo, R134a, ikikurukia huigandisha ngozi au jicho mara moja, na si gesi ya kuachiwa hewani. Kama utatoa pia mabomba ya hita, kulanti, yaani maji ya kupozea injini, imwagwe injini ikiwa imepoa kabisa.

Sasa mifuko ya hewa, ambayo mafundi wengi huiita eabegi, na hapa ndipo ninapoomba usiwe na haraka. Nyoosha tairi za mbele, zima gari, toa ufunguo, kisha ondoa waya wa hasi wa betri na uufunike kwa kitambaa usije ukarudi wenyewe. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, kwa sababu kompyuta ya mifuko hiyo huhifadhi umeme wa akiba unaoweza kuifyatua mifuko hata betri ikiwa imetengwa. Mimi husubiri dakika kumi, muda wa kunywa chai. Plagi za mifuko hiyo kwa kawaida ni za njano. Usizipime kwa mita wala kwa taa ya kupimia, kwani umeme mdogo tu unatosha kuufyatua mfuko. Ukiutoa, ubebe uso wake ukitazama mbali nawe, na uulaze sehemu yenye kivuli uso ukiwa juu, bila kuwekewa kitu, kwa sababu ukilazwa kifudifudi kisha ukafyatuka, chuma chake chote hurushwa juu.

Kosa langu la miaka ya nyuma lilikuwa kwenye usukani. Chini yake kuna kasha la duara lenye utepe wa umeme uliozungushwa ndani, unaopeleka umeme kwenye honi na kwenye mfuko wa hewa, na utepe huo una mizunguko yenye kikomo. Niliung'oa usukani, nikamwacha mdogo wangu akilichezea kasha hilo kwa kidole, nikarudisha kila kitu bila kulirejesha katikati. Siku ya pili nilipokata kona kali nikasikia mlio mdogo kama wa karatasi kuchanika, honi ikafa na taa ya eabegi ikawaka. Tangu hapo kasha hilo hulifunga kwa tepe ya karatasi mara tu linapoonekana. Vilevile nati ya usukani huilegeza bila kuitoa yote, nikabakiza mizunguko michache, kwa sababu usukani ukiachia ghafla huku unauvuta kwa nguvu, kituo chake cha kwanza ni meno yako.

Kazi iliyobaki ni ya subira: vifuniko vya nguzo za kioo, redio, mita, droo, kisha bolti ambazo nyingi ni za spana namba 10. Piga picha ya kila plagi kabla ya kuichomoa, na bolti zipange kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wa kuzifungua, kila tundu likiandikwa zilikotoka. Kwa klipu tumia kipande cha plastiki au mbao, si bisibisi. Plastiki ya gari lililokaa juani miaka mingi huvunjika kama biskuti, na walio kwenye baridi ya Arusha au Nairobi mwezi wa Julai ni heri waliache gari juani kwanza ili plastiki ilainike.

Tulipofika mwisho, upande wa kulia wa dashibodi uliachia na wa kushoto ukagoma, nami nikaanza kuvuta. Mzee mmoja wa gereji ya jirani akaniambia bila hata kuinuka kwenye kiti chake, "Mwanangu, hiyo haivutwi, ina bolti bado." Ilikuwa chini ya kifuniko kidogo karibu na kioo cha mbele, kifuniko ambacho nilikuwa nimekiona na kukidharau. Kabla ya kuinua, kinga tairi kwa mbao na ushushe wenzo wa gia ili upishe. Beba mkiwa wawili, mwenzako akitazama kama kuna waya unaovutwa.

Wakati wa kurudisha, plagi za njano ziingizwe mpaka zilie "tak" na kufuli zake zikae mahali pake, na betri iunganishwe mwisho, pasipo mtu ndani ya gari. Washa swichi bila kupiga stata, utazame taa ya eabegi: katika Toyota nyingi huwaka kwa sekunde kama sita, kisha huzimika. Yangu haikuzimika. Nikatoa tena waya wa betri, nikasubiri upya, na nikakuta plagi ya mfuko wa abiria imekaa vizuri kwa macho lakini kufuli yake haijaingia, kwa hiyo droo niliyokuwa nimeifunga kwa mbwembwe ikabidi ishuke tena.