Pikapu inamisi mlimani: nianzie wapi kwenye mfumo wa kuwasha?

SWALI: Nina pikapu ya zamani ya petroli, silinda nne, yenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi). Ikiwa tupu inakwenda vizuri. Nikiipakia na kupanda mlima inamisi, yaani silinda nyingine inakosa kuwaka, na asubuhi zenye unyevunyevu ndiyo inazidi. Nimeshauriwa ninunue koili (inayokuza volti za cheche), waya, plagi na distribyuta kwa mpigo. Naweza kutengeneza mwenyewe?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, ila usinunue kitu kwanza. Mzigo na unyevu vikitajwa pamoja, mimi hushuku umeme unavuja kabla haujafika kwenye plagi. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Umeme huo, ambao unaweza kupita volti 20,000, ukikuta waya uliochanika au kifuniko chenye ufa, unapita huko huko. Unyevu unaurahisishia njia.

Kwa hiyo subiri giza liingie. Egesha nje penye hewa, gia huru, breki ya mkono imevutwa, washa injini na ufungue boneti. Nyunyizia ukungu mwembamba wa maji kwenye waya za plagi na kifuniko cha distribyuta, mikono na nguo vikae mbali na feni na mkanda. Usiguse waya wowote. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa, au injini ikayumba papo hapo, umepata mahali. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo mwilini asifanye kazi hii kabisa.

Zima injini, toa kifuniko, ukitazame ndani kwa tochi. Unatafuta mstari mweusi, mwembamba kama unywele, unaotoka nguzo moja (kituo cha chuma ndani ya kifuniko) kwenda nyingine. Ukiuona, badilisha kifuniko pamoja na rota (kipande kinachozunguka chini yake); kuukwangua hakusaidii, utarudi. Waya zipime kwa mita ya umeme: wenye ukinzani uliopishana sana na wenzake wa urefu unaokaribiana ni mbovu, na usiosoma kitu umekatika ndani. Badilisha mmoja mmoja ili usichanganye mpangilio, na vuta kwa kushika mpira wake, si waya. Kiwiliwili cha distribyuta usikizungushe, ukikizungusha utaharibu taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka.

Plagi zifungue injini ikiwa imepoa, hasa kama silinda hedi ni ya aluminiamu, kwani nyuzi zake huchunika kirahisi. Puliza vumbi kwanza lisidondokee ndani. Pima gepu, yaani nafasi inaporuka cheche, kama kitabu cha gari kinavyosema: likipanuka kwa kuchakaa, nalo linadai volti zaidi, na dalili zinafanana na zako. Rangi ya kahawia hafifu kwenye ncha ya plagi ni nzuri. Ikiwa imelowa oili, shida iko kwenye ringi au sili za valvu, na plagi mpya haitaiponya. Kurudisha, anza kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike spana.

Koili iache mwisho. Na tafadhali usipime cheche kwa kuchomoa waya injini ikiwaka: unaweza kupigwa, koili inaumia, na kama gari ina katalaiza (kisafisha moshi kwenye bomba la moshi), petroli isiyoungua itakwenda kuiunguza. Kwa sababu hiyo hiyo usiendelee kuendesha mlimani ikimisi. Yote haya yakiwa sawa na bado inamisi, hamia kwenye mafuta, uanze na filta na presha ya pampu.