Nakatwa kodi kazini, bado nijaze ritani?

Dada yangu, umeuliza kama ujaze ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka, ilhali mwajiri anakukata PAYE (kodi ya mshahara) kila mwezi, na kama bima yako ya maisha inahesabiwa. Ndiyo, jaza kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi ya Kenya (KRA), kabla Juni 30 haijapita. Faini ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi. Mwombe mwajiri fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima, mapema. Na nakusihi, usiwasilishe ritani ya sufuri, ile ya kusema huna mapato, eti ni ya haraka. Una mshahara!

Bima inakupa nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya ulicholipia, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Itazame kwanza kwenye P9, huenda mwajiri ameshaihesabu. Kama bado, itisha cheti kutoka kampuni ya bima.