Kampala: salamu kwanza, bei baadaye
Ndugu yangu, nimekuelewa: umeleta vitenge Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, kutoka Dar; ukitaja bei kwa Kiswahili wateja wananyamaza na kuondoka. Usidhani wanakuchukia. Waganda wengi wa makamo walikisikia Kiswahili kwa askari wenye bunduki enzi za Amin, 1971 hadi 1979, na kidonda hicho hakijapona kwa wote. Anza na salamu ya Kiganda, "Gyebale ko, ssebo" kwa mwanamume, au "nnyabo" kwa mama, uliza habari za nyumbani, usiharakishe. Mimi nilipofanya hivyo, walianza kurudi wenyewe. Ila ile "sawa" ya upole si oda; ngoja malipo ya awali. Mzigo wa mkopo, andikishianeni mbele ya wakili. Nilishapoteza marobota mawili kwa kuamini maneno matupu.