Mtoto mwenye pumu ya ngozi na jua letu la Mtwara

Mama wenzangu, jua halikaushi pumu ya ngozi. Huku kwetu mtoto akitoka vipele mashavuni, ushauri wa kwanza utakaousikia ni kumwanika juani vikauke. Mama mkwe wangu naye aliniambia hivyo, kwa mapenzi kabisa. Lakini ngozi ya mtoto huyu tayari ni kavu, haishiki maji. Joto humtoa jasho, jasho humuwasha, na usiku halali, anajikuna tu.

Jua la asubuhi simnyimi binti yangu, maana mwili unalihitaji kutengeneza vitamini D. Tunakaa barazani dakika chache jua likiwa bado changa, basi. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni ni kivulini. Tukiwa na safari ya Mikindani mchana, anavaa gauni jepesi la pamba la mikono mirefu na kofia pana, na simbebi mgongoni kwa kitenge kizito. Pale kifua chake kinapogusana na mgongo wangu ndipo jasho hujaa, na jioni vipele vinaota palepale. Mtoto wa chini ya miezi 6 kwa kawaida hapakwi losheni ya kuzuia jua. Kivuli na nguo ndiyo kinga yake.

Namwogesha haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Namkausha bila kumsugua, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu nampaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kwenye joto la Novemba napaka kidogo tu, kwa sababu mafuta mazito hubana jasho yakaleta harara, nawe ukashindwa kujua kipi ni kipi. Na kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu: tafuta mabaka yaliyokoza au ya kijivu, yanayokwaruza ukipitisha kiganja.

Sisi wenye mikorosho tuna la ziada. Vumbi la salfa, ile dawa ya ukungu ya mikorosho, na mafuta ya ganda la korosho huwasha hata ngozi ya mtu mzima. Baba akitoka shamba avue nguo, aoge, ndipo ampakate mtoto, hata kama mtoto anamlilia mlangoni. Nguo za shamba zifuliwe kwenye beseni la peke yake.

Krimu za dukani zilizochanganywa dawa mbalimbali ziache kabisa. Dawa ya steroidi, ile ya kupaka ya kutuliza uvimbe na muwasho, itumike kwa kiasi na siku alizosema daktari. Ngozi ikitoa maji au magamba ya njano, au mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.