Siku majeruhi watakapoingia kwa mkupuo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uuguzi, siku ya maafa haitangoja muizoee wodi. Mimi ilinikuta nina miezi minne kazini, zamu ya usiku. Basi lilipinduka, na kabla hata hatujapigiwa simu majeruhi wa kwanza walishafika mlangoni. Walikuja kwa miguu yao, huyu kashika mkono uliovunjika, yule damu inamchuruzika usoni. Tukawakimbilia, tukawalaza kwenye vitanda vyote vya dharura. Mahututi walipoletwa hapakuwa na pa kuwaweka.

Lijueni hilo mapema: wanaotangulia kufika hospitalini mara nyingi sio walioumia zaidi. Anayeweza kutembea hujileta, aliyebanwa kwenye vyuma huchelewa kutolewa. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kuainisha tu, yaani kupanga majeruhi kwa uharaka wa kuhudumiwa, wala asishike bandeji. Mara nyingi mtu huyo ni muuguzi, na huenda ukawa wewe.

Njia inayofundishwa sana ni START, iliyobuniwa California mwaka 1983. Unaanza kwa kupaza sauti: anayeweza kutembea asogee kule. Hao ni kijani, wanaoweza kusubiri. Waliobaki unawapitia mmoja mmoja, na hata dakika nzima usimalize kwa mtu mmoja. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Nyekundu, yaani ahudumiwe kwanza. Mapigo kwenye kifundo cha mkono hayapatikani? Nyekundu. Umemwambia akubane kidole naye haelewi? Nyekundu. Aliyevuka yote hayo ila hawezi kutembea ni njano, anafuata baada ya nyekundu. Asiyepumua unamfungua njia ya hewa. Pumzi ikirudi ni nyekundu, isiporudi unamvalisha kadi nyeusi, ya aliyekufa au asiyeweza kuokolewa, na kusonga mbele. Matibabu yanayoruhusiwa hapo ni kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayomwagika kwa kasi, basi. Watoto wadogo wana vipimo vyao, kwa sababu pumzi 40 kwa mtoto si jambo la kutisha kama kwa mtu mzima. Visomeni kabla ya siku hiyo.

Kadi nyeusi ndiyo itakayowaumiza. Tumefundishwa kumpigania kila mgonjwa hadi mwisho, halafu usiku mmoja unaambiwa umpite mtu. Mikono yangu iligoma. Nilibaki nikimkandamiza kifua kijana mmoja hadi dada mkuu wa zamu aliponishika bega na kunielekeza kwa mama aliyekuwa akivuja damu pajani, hatua tatu tu kutoka nilipopiga magoti. Mama yule alipona. Kijana bado namkumbuka, na sioni aibu kulisema.

Wala kelele zisiwapoteze. Anayepiga yowe ana hewa ya kutosha kupigia yowe. Mtafuteni aliyenyamaza. Usiku ule kwenye kundi la kijani aliketi mzee ameegemea ukuta, kila nikipita ananiambia, "Mwanangu, hudumia wengine kwanza." Mara ya tatu niliona midomo imempauka na jasho limemtoka shingoni. Nikamgusa tumbo: gumu kama ubao. Alikuwa anavuja damu ndani. Rangi uliyompa mtu saa 3 si lazima iwe yake saa 4, kwa hiyo rudini kuwapima upya, hasa hao kijani ambao kila mtu ameshawasahau.

Kama kilichotokea kina kemikali, msipokee mtu ndani akiwa na nguo zake. Tokyo mwaka 1995, gesi ya sarini ilipomwagwa kwenye treni za chini ya ardhi, wahudumu wa hospitali waliugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Kuvua nguo tu, nje, kabla ya maji, huondoa sehemu kubwa ya sumu.

Kalamu ya wino usiofutika iwe mfukoni daima. Ukifunga mkanda wa kuzuia damu kwenye mguu, andika saa palepale kwenye ngozi, maana daktari wa upasuaji ataitafuta saa hiyo na wewe utakuwa chumba kingine. Asiye na jina mpe namba, na namba hiyo isibadilike hata akihamishwa. Ndugu zake watakuja usiku huohuo wakiulizia, na hakuna jambo baya kama kumpa mtu taarifa ya maiti isiyo yake.

Lakini maandalizi yenyewe hasa ni madogo kuliko mnavyofikiri, na ndiyo maana hupuuzwa. Mpango wa maafa tulikuwa nao, umejalidiwa vizuri kabatini. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo. Mitungi ya oksijeni ilikuwa mitatu, yote imejaa, na spana ya kuifungulia haikuonekana. Tulipoteza dakika tukipekua droo huku mgonjwa akigeuka rangi ya bluu, hadi mhudumu mmoja alipokimbilia wodi ya jirani na kurudi nayo.

Siku hizi spana inaning'inia kwa mnyororo kwenye mtungi wenyewe. Mkipokea zamu, msiisome tu kwenye daftari la makabidhiano. Ishikeni, fungueni mtungi, msikie hewa ikitoka.